Gia Nisizozisikia

Goti la kushoto la mke wangu ndilo lililotununulia pikapu mpya. Mimi nilikuwa tayari kuendelea na ile ya zamani mpaka mmoja wetu afe, mimi au pikapu, lakini goti halikutaka kungoja.

Pikapu ya zamani ilikuwa na klachi ngumu. Kuikanyaga ni kama kusukuma ukuta wa jirani. Mke wangu aliikanyaga miaka mingi, kwa sababu ana kitalu cha miche hapa Gitothua, Ruiru, kando ya barabara, na wanunuzi wa miche hawakai mahali pamoja. Mmoja yuko Juja na ploti yake, mwingine yuko Thika, mwingine ameamua ghafla kupanda makadamia nyuma ya nyumba zake za kupangisha. Alikuwa akipakia mwenyewe, akiendesha mwenyewe, na kurudi jioni na matope kwenye gambuti na habari za watu wote wa njiani. Kisha goti likaanza kulalamika. Kwanza lililalamika msimu wa baridi, halafu kwenye foleni ya kuingia Ruiru, mwishowe likawa linalalamika akifungua tu mlango wa gari. Daktari akasema mguu upumzishwe. Mke wangu akanikabidhi funguo kwa uso wa mama anayemwachia mtoto wake mtu aliyekutana naye stendi.

Tangu hapo nikawa dereva wa miche. Kazi yangu ni kuandika, maana yake niko nyumbani wakati wenzangu wako kazini, na Gitothua nzima inaamini sina la kufanya. Basi niko katikati ya sentensi, mlango unafunguka, naye amesimama pale.

“Mzee, watu wa Thika wananingoja.”

“Dakika tano.”

Sote wawili tulijua dakika zangu tano zilivyo. Alitoka, akapindua ndoo kando ya pikapu iliyokwisha kupakiwa, akaikalia. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata la kujibu. Aliketi tu akiitazama pikapu, huku majani ya miche yakilegea juani, na mara kwa mara simu ililia, mteja akasema haidhuru, ameshapata kwingine.

Ndiyo sababu pikapu ya zamani ilipokata roho, hakukuwa na mjadala.

“Nataka otomatiki,” alisema. “Mguu wa kulia peke yake unatosha. Nataka nikitaka kwenda Thika niende, bila kuomba mtu.”

Nilikubali mara moja. Tatizo ni kwamba nilikubali, kisha nikaongeza maneno.

“Sawa. Lakini kwanza wacha niifungue.”

Kwetu gari jipya hufunguliwa. Sijui desturi hii ilitoka wapi. Mwanamume wa nyumba, ambaye watu wanadhani ana mguu wenye uzoefu, huliendesha gari siku za mwanzo akiwa peke yake, polepole, akilisikiliza, akilizoeza barabara, hadi atakaporidhika kwamba sasa linaweza kuguswa na watu wengine. Watu wengine, katika nyumba yetu, alikuwa mke wangu. Aliniangalia kidogo, akahesabu moyoni jinsi ubishi ungekuwa mrefu, akasema, “Ifungue. Lakini usiifungue mpaka iwe mzee.”

Tuliichukua Thika asubuhi moja, viti vyake na dashibodi vikiwa bado ndani ya nailoni. Niliketi nyuma ya usukani, mke wangu pembeni, tukashika barabara kuu kurudi Ruiru. Na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipozaliwa.

Lazima nieleze jinsi pikapu ya zamani ilivyobadilisha gia. Ya pili ilikuwa inaingia kwa kishindo. Ya tatu ilitikisa vichwa vyetu mbele na nyuma kama tunaokubaliana na mhubiri. Ya nne ilihitaji kuombwa. Nilijua kila gia kwa tabia yake, na hata mtu aliyeketi nyuma pamoja na miche alijua tuko gia gani. Hii mpya nilikanyaga mafuta, injini ikavuma kidogo, barabara ikaanza kusonga, basi. Niliingoja gia ya pili kama mtu anavyongoja mgeni aliyesema yuko karibu. Tulifika Witeithie sijui kama imeingia.

“Umeisikia ikibadilisha?” nilimuuliza mke wangu.

“Kubadilisha nini?”

“Gia.”

“Sijasikia kitu.”

“Ndiyo hiyo shida sasa.”

“Kwa hivyo shida ni kwamba hatujasikia shida?”

Nilikuwa nasikiliza. Nilisikiliza kwa masikio, nikasikiliza kwa makalio, maana dereva mzoefu huisikia gari kwa makalio. Hakuna kitu. Kila badiliko lilikuwa laini, laini kupita kiasi, kama mtu anayeingia chumbani akiwa amevaa soksi. Nikaamua kuisaidia. Nilipodhani wakati wa gia mpya umefika, niliinua mguu kwenye mafuta, nikaupa nafasi mtambo ufanye kazi yake, kisha nikakanyaga tena, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Pikapu ikasita. Ikapandisha gia, ikaghairi, ikashusha, halafu ikajiuliza.

Kisha tukafika kwenye mteremko wa mto Ndarugu, kabla ya Juja, nikaweka frii.

Hapa pia kuna historia. Aliyenifundisha kuendesha ni mjomba wangu, aliyekuwa akibeba maziwa kwa pikapu kwenye miteremko ya juu ya Thika. Kwake yeye kuchoma petroli wakati gari linashuka lenyewe ilikuwa dhambi karibu na uzinzi. Ukifika juu ya kilima, unatoa gia, unaweka frii, unaliacha gari liteleze, na ndani kunakuwa kimya kama kanisani. Dereva aliyeshuka mlima akiwa kwenye gia alihesabiwa kuwa mtu asiye na mpango wowote maishani. Nimeshuka kila mteremko wa kaunti hii nikiwa kwenye frii, na nina hakika si mimi peke yangu. Simama pale Ndarugu utege sikio, utasikia wanaume wazima wakipita na injini zikinong'ona.

“Hapo kuweka frii ni lazima?” mke wangu aliuliza.

“Ni kuokoa mafuta.”

“Hata kwa otomatiki?”

Nikamweleza habari za nguvu ya mvutano wa dunia. Nilianzia mbali. Alitazama nje dirishani mpaka Juja.

Chini ya mteremko nilirudisha mkono wa gia kwenye D, na pikapu ikakaa kidogo bila kufanya lolote, ikakohoa ndani kwa ndani, kisha ikashtuka na kuondoka kama mzee aliyeamshwa katikati ya ibada.

“Umeona?” nilisema kwa ushindi. “Hii gari ni mgonjwa.”

Jioni hiyo pikapu iliombewa kutoka pande zote mbili za barabara. Akina mama wa kanisa letu walikuja wakaizunguka na kuimba. Walipomaliza akaja jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mzee Mwislamu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye wazazi wake walikuja Thika zamani kutoka pembe mbili tofauti za Afrika, na ambaye Kiswahili chake hunifanya nikionee haya changu. Alisimama mbele ya boneti, akainua viganja, akaomba dua fupi, akajipangusa uso. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza ibada na sasa anataka burudani, “Haya, nizungushe.”

Nikamzungusha hadi njia panda na kurudi. Aliketi amenyooka, mikono juu ya nailoni.

“Mashallah,” alisema. “Mashallah. Lakini jirani, mbona inakwenda kama inaomba ruhusa?”

Karibu nimkumbatie. Nilikuwa nimepata shahidi.

“Gia hazishiki,” nilimwambia. “Zinateleza.”

“Zinateleza au zina adabu?”

“Zinateleza.”

“Basi pole. Ukitaka kuiuza nitakuwa wa kwanza, kwa bei ya mgonjwa.”

Kuanzia siku iliyofuata sikuandika ukurasa. Nilikaa mezani nikisoma malalamiko ya watu wa nchi zenye theluji, ambao pikapu zao pia zilibadilisha gia kwa ulaini wa kutia shaka. Nilijifunza maneno mapya. Nilisikia habari za oili inayochoka, valvu zinazonata, na bwana mmoja aliyesikia giaboksi yake ikilia kama paka. Nilitoka nje nikaenda kuisikiliza yetu. Haikulia kama paka, nikahuzunika kidogo. Kila alasiri niliitoa kwenda Juja na kurudi, nikiisaidia kwa mguu, nikiipumzisha kwa frii, na kila siku ikarudi na mashaka zaidi kuliko ilivyotoka. Ikawa inasita hata kwenye tambarare. Ikawa inasita kutoka langoni.

Mke wangu aliuliza lini ataendesha.

“Siwezi kukupa gari mgonjwa.”

“Hii gari ni yangu ama ni ya hospitali?”

“Ikikukwamia katikati ya barabara kuu je?”

“Itanikwamia mimi. Si wewe.”

Maneno hayo yalinigusa, lakini si kiasi cha kunifanya nitoe funguo. Nilijiambia namlinda. Naye akarudi kwenye ndoo yake. Mvua zilikuwa zimeanza, wakati ambao kila mtu mwenye shimo anataka mche, na pikapu mpya kabisa ilikuwa imeegeshwa hatua chache kutoka alipokaa, imeombewa mara mbili, nailoni ikimeremeta, na bado alikuwa akiningoja mimi nimalize sentensi. Nilimwona kupitia dirishani. Nilimwona vizuri sana. Kisha nikarudi kusoma habari za yule bwana wa paka.

Juma la tatu nilimpelekea pikapu fundi wa zamani, yule aliyeitunza ile iliyokufa. Karakana yake iko Thika, uwanjani, chini ya mabati, na yeye ni mtu mwenye mwili mkubwa na maoni makubwa zaidi. Aliiendesha akizunguka uwanja, akashuka, akapiga boneti makofi kama anayempongeza ng'ombe.

“Mkubwa,” alisema, “hii umeuziwa uji.”

“Nilijua!”

“Gari lazima ikupige kidogo, ndiyo ujue iko. Hii haikupigi. Hizi zinaundwa na watu wamekaa ofisini wakikunywa chai. Niachie nifungue giaboksi, nione nani amelala huko ndani.”

“Umewahi kufungua ya aina hii?”

“Mkubwa, chuma ni chuma.”

Alikuwa ameshalala chini ya pikapu na spana mkononi wakati simu yangu ilipolia. Ni mke wangu, anataka kujua niko wapi. Nikamwambia.

“Niweke kwa spika,” alisema.

Nikamweka kwa spika.

“Fundi, habari yako?”

“Mzuri sana mama!” fundi alijibu akiwa chini ya gari. “Goti linaendeleaje?”

“Linaendelea. Fundi, hiyo gari iko na waranti. Ukigusa hiyo giaboksi, na mimi nitakuja nikufungue wewe, nione nani amelala huko ndani.”

Uwanja mzima ulicheka. Fundi alitoka chini ya gari akijikung'uta vumbi, akaniangalia kwa huruma ya kweli. “Mkubwa,” alisema kwa sauti ya chini, “huyo ndiye ungempa afungue gari.”

Nilirudi nyumbani na giaboksi nzima na heshima nusu. Mke wangu alikuwa ananingoja langoni, na safari hii hakuwa juu ya ndoo.

“Sikiza,” alisema. “Kuna kikundi cha akina mama pale Landless, Thika. Wanataka avokado za kupandikiza, wanapanda zote siku moja, wote pamoja. Wamenipigia leo. Wameniambia kama ni ile mambo ya kungoja mzee amalize kuandika, wataitisha kwa mtu wa Juja.”

“Walisema hivyo?”

“Walisema vibaya kuliko hivyo, mimi nimekupunguzia. Nimewaambia nitaleta Jumamosi. Nimewaambia nitakuja mwenyewe, na sijasema tutakuja. Wakienda kwa mtu wa Juja hawatarudi, na dada zao hawatarudi. Kwa hivyo hiyo gari ipone kabla ya Jumamosi, ama ikae na ugonjwa wake na mimi nitaendesha mgonjwa.”

Nikawapigia walioniuzia pikapu, wakanipa nafasi Jumamosi yenyewe, mapema. Tulipakia miche kabla ya kunywa chai, mstari kwa mstari, tukaifunika kwa wavu. Niliendesha mimi, kwa mara ya mwisho ya kuifungua, nilijiambia. Ndarugu niliweka frii. Mke wangu aliutazama mkono wangu ukienda na ukirudi, kwa makini, kama mtu anayehesabu vitu vyake kabla ya kuhama.

Yadi ya Thika ilikuwa na msichana wa karibu miaka thelathini, amevaa ovaroli safi, kucha zimepakwa rangi, na kompyuta ndogo mkononi. Alichomeka waya chini ya usukani, akasoma, akatafuna chingamu, akasoma tena.

“Mzee, gari haina makosa.”

“Lakini gia hazishiki. Zinanyata.”

“Zinabadilika. Si unaona namba hapa ikibadilika?” Alionyesha tarakimu ndogo kwenye dashibodi.

Nilikuwa nimeiona tarakimu hiyo siku zote. Nilidhani ni stesheni ya redio.

“Ni laini kwa sababu ni mpya na ni otomatiki,” aliendelea. “Ulitaka ikupige teke?”

Nilitaka, kwa kweli, lakini hapakuwa mahali pa kulisema. Nikamweleza badala yake kuhusu kusita, kukohoa, na kushtuka. Alikunja uso, akabonyeza bonyeza.

“Hiyo inaweza kuwa ni vile inaendeshwa. Hii gari husoma dereva. Inaangalia unavyokanyaga mafuta, unavyoachilia, halafu inajipanga. Sasa hii imesoma mtu…” Alitafuta neno ambalo angeweza kumwambia mzee wa umri wa baba yake. “Imesoma mtu ambaye bado anafikiria.”

Nilifundisha chuo kikuu pale Juja kwa muda, zamani kidogo. Nilisimama mbele ya kumbi zilizojaa vijana, nikasema niliyoyajua, na katika karatasi za mtihani nikakuta mambo ambayo sikuwahi kuyasema wala kuyasikia. Hakuna aliyeshika chochote. Na sasa, bila mimi kujua, giaboksi ilikuwa imekaa chini ya kiti changu siku zote hizo ikichukua somo neno kwa neno. Ilikuwa imenielewa kabisa. Ilianza jambo, ikaghairi, ikarudi nyuma kutazama kama ilisema sawasawa, ikaenda tena. Mhariri wangu angeiendesha kidogo tu angejua ni ya nani.

“Muulize,” mke wangu alimwambia yule msichana, “huwa anafanya nini pale Ndarugu.”

“Ndarugu kwa mteremko? Anafanya nini?”

“Anaweka frii.”

Msichana alinigeukia. “Frii? Hii?”

“Kuokoa mafuta,” nilisema, na kwa mara ya kwanza sauti ya mjomba haikuja kunisaidia.

Alifunika mdomo kwa kompyuta, akaangalia pembeni, mabega yakitikisika. Mke wangu hakujifunika chochote. Alicheka hadi akashika mlango wa pikapu, akacheka hadi akashika goti.

“Imekusoma, mzee! Wiki chache tu! Mimi hiyo kazi ilinichukua miaka!”

“Mbona hukuniambia ni frii?”

“Nilikuambia siku ya kwanza. Ukaniambia mambo ya mvutano wa dunia.”

Msichana alipopata pumzi alisema anaweza kufuta kumbukumbu ya gia, ianze upya kama mtoto. “Lakini mwanzoni iendeshwe na mtu mmoja, akiendesha kawaida, ili imzoee. Dereva wake hasa ni nani?”

Nilifungua mdomo. Nakumbuka vizuri kwamba niliufungua, na kwamba nilikuwa na sentensi nzuri tayari, yenye vituo. Lakini mke wangu alikuwa ameshalizunguka gari, amefungua mlango wa dereva, na anasogeza kiti mbele.

“Ni mimi,” alisema.

Niliupeleka mkono mfukoni, nikampa funguo. Sentensi yangu nzuri sijui iliishia wapi.

Sitaki kusema aliendesha kama malaika. Kabla hatujatoka langoni mwa yadi mguu wake wa kushoto ulitafuta klachi, ukakuta breki, ukaikanyaga kwa nguvu zote za miaka ile, na mimi nikabusu nailoni ya dashibodi. Miche nyuma ikaenda mbele yote kwa pamoja na kurudi. Alishuka, akaitazama, akairudisha mistarini. Kisha akaketi, akavua kiatu cha kushoto, akakitupa miguuni kwangu.

“Ili mguu ujue hauna kazi,” alisema.

Tukaenda. Alikanyaga mafuta mara moja, bila kubembeleza, akauacha mguu hapo. Pikapu ilisita kidogo barabarani, kama inayoangalia kama ni mimi. Kisha ikaenda. Niliitazama ile tarakimu ndogo, ambayo sasa nilijua si redio. Mbili. Tatu. Nne. Sikusikia kitu. Nilitega masikio yote, na makalio, sikusikia kitu, na kando yangu mke wangu aliendesha huku amekunja mguu wake wa kushoto chini ya kiti kama mtu aliyeketi mkekani kwake.

Landless akina mama walikuwa wamesimama kwenye lango la ploti, majembe begani. Mmoja, mwenye kitambaa chekundu kichwani, alichungulia upande wa dereva akapiga kelele.

“Haiya! Leo umejileta?”

“Nimejileta!”

“Na hatukungoja! Na huyu mzee ni wa nini?”

“Wa kushusha miche.”

“Ako na nguvu?”

“Mjaribuni.”

Walinijaribu. Nilishusha miche mpaka shati likashikamana na mgongo, huku wao wakinielekeza kwa majembe: weka hapa, hapana, hapo, huyo mzee anapanga miche kama anaficha kitu. Mke wangu alisimama katikati yao akieleza kina cha shimo na mbolea, akapokea oda ya dada wa mtu aliyeko Gatuanyaga, na mwingine, na mwingine. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kurudi jioni na habari. Nilikuwa nimeisahau sauti hiyo. Haikuwa imepotea, ilikuwa imekaa juu ya ndoo.

Wakati wa kurudi nilisema kwamba kama amechoka naweza kumpokea. Aliniambia hajachoka. Kabla ya Ndarugu mkono wangu wa kushoto, ambao sasa haukuwa na gia ya kushika, ulianza kusogea wenyewe kuelekea mlango, ukarudi, ukakosa pa kwenda. Niliukalia. Pikapu iliteremka ikiwa kwenye gia, ikijishikilia yenyewe kwa upole, ikavuka mto, ikapanda, bila kukohoa. Nadhani ilipanda bila kukohoa. Sina uhakika, kwa maana nilikuwa nimelala. Mke wangu ndiye aliyeniambia baadaye kwamba nilikoroma kutoka kwenye daraja hadi Juja, na kwamba hiyo ndiyo sauti pekee iliyosikika garini.

Siku zilizofuata pikapu iliendelea kumsoma. Jirani aliomba kuzungushwa tena, safari hii na mke wangu, akarudi akasema gari imepona, Alhamdulillahi, dua imekubaliwa. Akina mama wa kanisa nao walisema hivyo hivyo kwa upande wao. Sikupinga upande wowote.

Jumatatu moja niliamka nikapiga sentensi tatu nzuri mfululizo. Ndipo nikagundua kwamba hakuna aliyefungua mlango. Nilitoka nje. Mahali pa pikapu palikuwa na alama za matairi kwenye tope na majani machache ya avokado. Hakuwa ameniaga, wala hakukuwa na sababu ya kuniaga. Nikachukua mpira wa maji nikaanza kunyunyizia miche iliyobaki, kama nilivyowahi kumwona akifanya, ila nadhani nilimwaga mengi kuliko inavyotakiwa.

Mwanamume mmoja alisimamisha bodaboda barabarani, akaniangalia, akaangalia gambuti nilizovaa, ambazo zilikuwa za mke wangu na zilinibana.

“Habari ya asubuhi, mzee. Naulizia mwenye miche. Nataka makadamia, za kupelekwa Juja.”

“Ametoka na gari,” nilisema. “Yuko Thika.”

“Atarudi saa ngapi?”

Nilifikiria. Kwa kweli sikuwa najua.

“Atarudi akimaliza,” nilimwambia, nikampa ndoo akae.